Walirudishiwa Ardhi, Wakarudisha na Maji

Yuko samaki mmoja mrefu kama nyoka, mwenye utelezi mwingi, ambaye jina lake ni mkunga. Usimchanganye na mkunga anayewazalisha akina mama. Ni majina tu yamefanana. Samaki huyu huishi mitoni, maziwani na mabwawani. Ukimshika kwa mikono mitupu atakuponyoka.

Mwezi huu nataka kukueleza habari za watu waliomtega na kumfuga mkunga kwa zaidi ya miaka 6,000. Watu hao walinyang'anywa ardhi yao. Halafu ziwa lao likakaushwa. Leo sehemu ya ardhi imerudi mikononi mwao, na maji yamerudi pia. Kazi hiyo waliifanya kwa kwenda mahakamani na kwa kuunda shirika lao wenyewe, lenye daftari la wanachama, katiba na mkutano wa kila mwaka. Nchi yao iko mbali sana na kwetu. Lakini mambo ya ardhi, maji na mikutano wewe unayajua kama wanavyoyajua wao.

Watu hao huitwa Wagunditjmara. Wanaishi Australia, kusini-magharibi mwa jimbo la Victoria, karibu na bahari. Ni kabila moja katika makabila mengi ya wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao huitwa Waaborijini. Wenyeji hao waliishi Australia kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla Waingereza hawajaanza makazi yao huko mwaka 1788.

MLIMA ULIOTEMA MAWE

Katika nchi ya Wagunditjmara kuna mlima unaoitwa Budj Bim. Maana yake ni kichwa kilichoinuka. Wazee wao husema kwamba aliyeumba nchi alijionyesha mahali hapo. Mlima ni kichwa chake, na mawe yaliyotoka mlimani ni meno yake. Wataalamu wa miamba nao walipima mawe hayo, na mwaka 2020 walitangaza kwamba mlima ulilipuka miaka ipatayo 37,000 iliyopita.

Mlima ulipolipuka ulitoa uji wa mawe ya moto, ambao kwa Kiswahili huitwa zaha. Zaha hiyo ilitiririka karibu kilometa 50 mpaka baharini. Ilipopoa ikawa mawe meusi, magumu, yenye ncha. Iliziba vijito vya zamani, na maji yakatafuta njia nyingine. Hivyo yakapatikana maziwa na mabwawa mengi katikati ya mawe. Ziwa kubwa mojawapo ni Tae Rak. Wazungu waliliita Ziwa Condah.

Mtu wa kulima akiona nchi ya namna hiyo angekata tamaa. Jembe halipiti. Lakini Wagunditjmara hawakutazama udongo. Walitazama maji.

Ili uelewe walichofanya, lazima kwanza ujue tabia ya mkunga wa huko. Huzaliwa baharini, mbali sana. Akiwa mdogo, mwembamba na mwangavu kama kioo, huingia mitoni na kupanda kwenda juu. Hukaa katika maji baridi miaka mingi, pengine 15 au 20, akila na kunenepa. Akikomaa, husubiri mvua za majira ya vuli, ambazo kwao huanza mwezi Machi. Mito ikijaa, hushuka nayo kurudi baharini. Huko huzaa mara moja tu, kisha hufa.

Basi Wagunditjmara walijenga mitego katika njia hiyo ya kupanda na kushuka. Walihamisha mawe na kuchimba mifereji katika zaha, mingine ya urefu wa mamia ya mita. Walijenga kuta za mawe za kuyaongoza maji. Walitengeneza mabwawa ya kuwekea samaki.

Ziwa likifurika, maji yaliingia katika mfereji na kwenda kwenye bwawa la pembeni. Mikunga wakaingia pamoja nayo. Maji yalipopungua, yalipenya katikati ya mawe ya ukuta, lakini samaki wakabaki ndani. Humo waliendelea kukua mpaka siku ya kuhitajiwa. Ndiyo maana nasema walifuga. Hawakungoja bahati.

Mahali pengine waliacha tundu katika ukuta. Hapo waliweka mgono uliosukwa kwa majani magumu. Mgono huo ni mrefu, mdomo wake mpana na mkia wake mwembamba. Mtegaji alikaa upande wa mkia. Mkunga alipochomoza kichwa, alikamatwa.

Mimi ni bwana shamba, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa mifereji. Mfereji ukikosewa mwinamo, maji hayaendi, au yanakwenda mbio na kubomoa kila kitu. Watu hawa hawakuwa na pima maji wala kamba ya vipimo. Walipima kwa mafuriko yenyewe. Waliangalia maji yanafika wapi mwaka wa mvua nyingi na wapi mwaka wa mvua chache, kisha wakapanga mawe. Kwa maoni yangu hiyo ni elimu ya kilimo cha maji iliyokamilika.

Umri wa mitego hiyo umejulikanaje? Wachunguzi walichimba ndani ya mfereji mmoja wa mawe. Katika tope la zamani walipata vipande vya makaa. Makaa ya kuni yanaweza kupimwa ili kujua mti uliishi lini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Mtego ule una miaka isiyopungua 6,600. Mapiramidi makubwa ya Misri yana miaka kama 4,500 tu.

Chakula kilipokuwa kingi, watu hawakuwa na haja ya kuhamahama mwaka mzima. Walijenga vibanda vya mviringo vyenye kuta za mawe, karibu na mitego yao. Misingi ya vibanda hivyo bado inaonekana.

KONDOO NA BUNDUKI

Mwaka 1834 familia ya Henty ilifika pwani ya Wagunditjmara, mahali panapoitwa Portland. Ilileta kondoo. Baada yao wakaja wafugaji wengine. Kondoo walihitaji majani, na majani yalikuwa katika ardhi ya wenyeji. Katika miaka ya 1840 pakawa na vita. Wagunditjmara walijificha katika nchi ya mawe, ambako farasi hawawezi kupita. Walitoka usiku kushambulia makundi ya kondoo, kisha wakarudi mawe yakawaficha. Lakini bunduki, njaa na magonjwa viliwapunguza sana.

Waliobaki wengi walikusanywa katika misheni ya Ziwa Condah, iliyofunguliwa mwaka 1867. Wenyeji walijenga pale kanisa la mawe kwa mikono yao. Lakini mwaka 1886 jimbo la Victoria lilitunga sheria iliyosema kwamba wenyeji wenye damu ya mchanganyiko, walio chini ya umri wa miaka 34, waondoke katika misheni. Fikiria, ndugu msomaji. Katika nyumba moja mama anakaa, mtoto anafukuzwa. Familia nyingi zilivunjika kwa karatasi hiyo moja.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia misheni ilifungwa. Wenyeji waliendelea kukaa karibu na kusali katika kanisa lao. Mwaka 1957 kanisa hilo lilibomolewa.

Hapa kuna jambo ambalo sitaki lipite bila kulieleza vizuri. Palikuwa na ndugu watano wa familia ya Lovett, Wagunditjmara wa Ziwa Condah. Wote watano walikwenda kupigania Australia katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Wote walirudi hai. Ilipokuja Vita ya Pili, wanne kati yao wakajiunga tena na jeshi. Baada ya vita serikali iligawa mashamba kwa askari waliorudi. Ardhi ya misheni ya Ziwa Condah nayo iligawiwa. Mmoja wa ndugu hao, Herbert Lovett, aliomba shamba katika nchi ya baba zake. Alinyimwa. Walipewa askari Wazungu.

Na maji? Kuanzia miaka ya 1880 wafugaji walichimba mifereji ya kulikausha Ziwa Condah ili wapate malisho zaidi. Kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1950. Mitego ya mawe ikabaki mikavu juani. Siwezi kumlaumu mfugaji kwa kutaka majani, maana kila mfugaji anayataka. Lakini hakuna aliyewauliza wenye mitego.

WANAWAKE WAWILI WAFUNGUA MLANGO

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Alcoa ilitaka kujenga kiwanda cha kuyeyusha madini ya alumini huko Portland. Mahali pa kiwanda palikuwa na mabaki ya kale ya Wagunditjmara. Wanawake wawili, Sandra Onus na Christina Frankland, walikwenda mahakamani kuizuia kampuni isiyaharibu.

Walijibiwa kwamba hawana haki hata ya kufungua kesi. Ardhi si yao, kwa hiyo jambo haliwahusu. Hawakukubali. Walipanda mpaka Mahakama Kuu ya Australia. Mwaka 1981 majaji wakasema kwamba hawa ni watunzaji wa mabaki hayo kwa mila zao, kwa hiyo jambo linawahusu kuliko mtu mwingine, na wana haki ya kusikilizwa.

Kiwanda kilijengwa hata hivyo. Lakini katika mapatano yaliyofuata, serikali ya jimbo ilikubali kurudisha ardhi ya misheni ya zamani. Sheria ilikwama katika bunge la jimbo, ikabidi ipitishwe na bunge la nchi nzima. Mwaka 1987 zilirudi hekta 53, yaani kama ekari 130. Ni shamba dogo kwa nchi ile. Lakini ilikuwa ardhi ya kwanza kurudi huko Ziwa Condah.

Mwaka 1992 likatokea jambo kubwa zaidi. Kwa zaidi ya miaka 200 sheria ya Australia ilihesabu kwamba Waingereza walipofika, ardhi haikuwa na mwenyewe. Eddie Mabo, mwenyeji wa visiwa vya kaskazini, pamoja na wenzake, waliipinga habari hiyo mahakamani kwa miaka kumi. Walishinda Juni 1992. Mabo mwenyewe alikuwa amekufa miezi mitano kabla. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuwawezesha wenyeji wengine kudai haki zao.

Wagunditjmara walifungua madai yao mwaka 1996. Ilibidi waonyeshe ni nani wazee wao wa zamani, walitumia mahali gani kwa kazi gani, na kwamba mila zao hazijakatika. Kazi hiyo ilichukua miaka 11. Hatimaye tarehe 30 Machi 2007 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki yao katika ardhi na maji ya serikali, jumla karibu hekta 140,000. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Lovett. Ni familia ileile.

Angalia neno nililotumia. Nimesema mahakama ilitambua, sikusema ilitoa. Kwa sheria ile, haki hiyo ilikuwako kabla ya mahakama na kabla ya serikali yenyewe.

ARDHI MOJA, HAKI ZA NAMNA MBILI

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tusome polepole.

Katika zile hekta 140,000 Wagunditjmara wana haki ya kuingia, kupiga kambi, kuvua, kuwinda, kuokota mazao ya porini na kulinda mahali pao patakatifu. Hawana haki ya kuwafukuza wengine. Na mashamba yaliyokwisha kuuzwa kwa watu binafsi hayamo kabisa. Mwenye shamba lake alibaki nalo. Ikiwa ulidhani mahakama iliwapa Wagunditjmara nchi yao yote, sivyo.

Haki ya namna ya pili ni kumiliki ardhi kabisa, kwa hati. Ardhi hiyo ni ndogo zaidi. Ziwa Condah lenyewe lilirudishwa mwaka 2008. Vipande vingine vilinunuliwa kama mtu yeyote anavyonunua shamba, kwa msaada wa mfuko wa serikali wa kuwanunulia wenyeji ardhi. Yaani walisaidiwa kununua kilichokuwa chao. Mimi neno hilo hunikaa kooni, lakini wao walilimeza ili kazi iendelee.

Nani ashike hati hizo? Si mzee mmoja. Si ukoo mmoja. Mwaka 2005, kabla hata kesi haijaisha, Wagunditjmara waliunda shirika la wenye ardhi wa jadi. Waliliita Gunditj Mirring. Neno "mirring" maana yake ni nchi.

Shirika hili limeandikishwa kwa msajili maalumu wa mashirika ya wenyeji, chini ya sheria ya mwaka 2006. Sheria hiyo inalitaka shirika kuwa na daftari la wanachama. Wanachama huchagua wakurugenzi. Kila mwaka kuna mkutano mkuu. Kila mwaka taarifa hupelekwa kwa msajili, na mtu yeyote anaweza kuisoma, hata asiye mwanachama. Mambo yakiharibika, msajili anaweza kumweka msimamizi wa muda mpaka nyumba isafishwe. Tena, haki ile iliyotambuliwa na mahakama haiwezi kuuzwa. Mkurugenzi mlafi hawezi kuamka asubuhi akaipeleka sokoni.

Mikutano yao si mifupi. Tangu siku za kesi wana desturi ya kukutana kundi zima, si viongozi peke yao. Watu hutoka mbali kuja kusikiliza na kusema. Mambo huchelewa. Lakini likikubaliwa, kila ukoo umelisikia kwa masikio yake.

Shirika lina kazi nyingine yenye nguvu. Sheria ya Victoria ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya kale ya wenyeji. Mtu akitaka kujenga au kuchimba mahali penye mabaki hayo katika eneo lao, lazima kwanza atayarishe mpango wa kuyalinda. Mpango huo husomwa na Gunditj Mirring, nao huukubali au huukataa. Kumbuka wale wanawake wawili walioambiwa jambo haliwahusu. Sasa mwenye kampuni ndiye anayebisha hodi.

BANIO LA MWAKA 2010

Walipopata ziwa, walipata ziwa lisilo na maji. Mfereji wa wafugaji ulikuwa bado unayatoa.

Kwa miaka mingi wazee walikuwa wamesema kwamba mawe bila maji ni ukuta tu. Basi kazi kubwa ya kwanza ikawa kujenga banio kwenye njia ya kutolea maji. Wewe unayemwagilia shamba unalijua banio. Ni ukuta wa kuyainua maji ili yafike unapotaka. Ilibidi kupima urefu wake kwa uangalifu. Likiwa fupi, maji hayafiki mitegoni. Likiwa refu mno, mitego yote inazama. Banio lilimalizika mwaka 2010. Mvua zilipokuja, Tae Rak likajaa. Maji yakaingia tena katika mifereji ya mawe, ambayo watu wazima wengi walikuwa hawajapata kuiona ikifanya kazi.

Ndege wa majini wakarudi. Walinzi wa ardhi, vijana wa kienyeji walioajiriwa kupitia shirika jingine la wenyeji liitwalo Winda-Mara, wakaanza kazi ya kung'oa magugu ya kigeni, kuua sungura na mbweha, na kupanda upya miti ya asili. Hiyo ni kazi ya mshahara, si ya kujitolea.

MGONO WA MAMA CONNIE

Mawe yalidumu kwa sababu ni mawe. Je, migono? Majani huoza. Ufundi wa kusuka ungeweza kufa kabisa.

Connie Hart alizaliwa mwaka 1917. Mama yake na wanawake wengine wa umri wake walijua kusuka, lakini walikataa kumfundisha. Walimwambia kwamba sasa dunia ni ya Wazungu, na mambo ya zamani yatamletea taabu. Msichana akawa anatazama kwa kuiba. Alitazama vidole.

Alikaa na siri hiyo maisha yake yote. Mama yake alipokwisha kufa, na yeye mwenyewe akiwa mzee, alichukua majani akajaribu. Vidole vyake vikakumbuka. Alisuka vikapu na migono ya mikunga, akawafundisha wanawake wengine. Alikufa mwaka 1993. Migono yake imewekwa katika nyumba za makumbusho za Victoria, na ufundi ule bado unafundishwa. Angeacha kujaribu, leo wangekuwa na mitego ya mawe yenye matundu yasiyo na cha kuweka.

DUNIA YAJA KUTAZAMA

Tarehe 6 Julai 2019, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu na utamaduni, UNESCO, liliiandika nchi ya Budj Bim katika orodha ya urithi wa dunia. Ni orodha ileile yenye magofu ya Kilwa Kisiwani na michoro ya mapangoni ya Kondoa. Eneo lililoandikwa ni hekta 9,935. Lilikuwa la kwanza Australia kuandikwa kwa sababu ya utamaduni wa wenyeji wa asili peke yake. Maeneo mengine yenye utamaduni wa wenyeji yalikuwa yameandikwa kwa uzuri wa mandhari au wanyama, au kwa mambo hayo pamoja na utamaduni.

Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Desemba 2019, radi iliwasha moto porini karibu na Budj Bim. Walipokwenda kutazama baada ya moto kuzimika, walinzi walikuta kitu cha ajabu. Majani marefu yalikuwa yameungua, na chini yake palikuwa na mifereji ya mawe ambayo haikuwamo katika ramani zao. Mmoja ulikuwa na urefu wa karibu mita 25. Watu walikuwa wamepita kando yake mara nyingi bila kuuona.

Mwaka 2022 lilifunguliwa jengo jipya kando ya Tae Rak. Humo mikunga hutayarishwa kwa chakula, na wageni hula samaki wa kukaushwa kwa moshi, kama wazee wa zamani walivyomla. Wenyeji ndio wanaowaongoza wageni katika mitego. Mgeni hulipa, fedha hubaki hapo. Napenda sana mpango huu, lakini nina neno moja. Wageni ni kama mvua. Mwaka mwingine huja wengi, mwaka mwingine hawaji. Shirika linalotegemea viingilio vyao peke yake litalala njaa siku moja, na hilo tuliliona katika nchi nyingi mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa korona.

Tena mkunga mwenyewe hawezi kuongezwa kama kuku. Hazai bwawani. Wataalamu waliwafunga mikunga wakubwa wa Victoria vyombo vidogo vinavyotoa habari kupitia setilaiti. Mwaka 2021 walitangaza kwamba baadhi ya samaki hao walifuatwa zaidi ya kilometa 2,000, mpaka Bahari ya Matumbawe, upande wa kaskazini-mashariki mwa Australia. Inadhaniwa kwamba huko ndiko wanakokwenda kuzaa. Watoto huletwa na mkondo wa bahari, safari yote ile, mpaka mdomoni mwa mto. Kila ukuta na kila bwawa linalowazibia njia huwapunguza. Kwa hiyo Gunditj Mirring wanaweza kulijaza ziwa lao vizuri, na bado samaki wao anategemea bahari na mito ya watu wengine.

Bado kuna mitego mingine ya zamani iliyo nje ya ardhi ya shirika, ndani ya mashamba ya ng'ombe na kondoo. Mingine mawe yake yaliondolewa zamani yakajengewa nyua. Kijito cha Killara, kinachotoka ziwani na kuungana na mto wa kwenda baharini, hupita kando ya mashamba hayo. Kila mwaka katika majira yao ya baridi na ya kuchipua, mvua zikishakolea, watoto wa mkunga, wembamba na waangavu kama kioo, huanza kuupanda mto huo usiku, wakielekea Tae Rak.